Mtoto ajifunze kuogelea wapi, na kwa nani? Ulinganisho kwa wazazi wa pwani na kanda ya ziwa

Likizo za shule zikikaribia, wazazi huniuliza swali lile lile: nimpeleke mtoto kwenye bwawa la hoteli, kwenye klabu, au nimtafute yule kijana anayefundisha ufukweni? Nafundisha watoto wadogo kuogelea hapa Dar es Salaam, na kabla sijajibu huwa nauliza kwanza mtoto ana umri gani, na maji anayokutana nayo kila siku ni yapi. Mtoto wa Mikocheni anayekaa ghorofa yenye bwawa chini, mtoto wa Mbagala ambaye uani kwao kuna pipa na ndoo za maji, mtoto wa Nungwi anayeshinda pwani kutwa, na mtoto wa Ilemela anayetumwa maji ziwani, hao wote wana hatari zao, na hakuna darasa moja litakalowafaa kwa pamoja.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani, na karibu robo yao ni watoto wasiofikisha miaka 5. Afrika ndiyo yenye kiwango kikubwa zaidi cha vifo hivyo ukilinganisha idadi ya watu. Kwa hiyo ninapolinganisha madarasa, kipimo changu cha kwanza ni hiki: mtoto huyu akiteleza leo akaangukia maji yaliyo karibu naye, darasa hili litamsaidia nini? Staili za kuogelea, medali na mashindano vitakuja baadaye.

Chini ya miaka 5: somo, au mfuniko?

Mtoto anayetambaa au aliyeanza kutembea juzi mara nyingi hafi akiogelea. Anafia kwenye ndoo, beseni, pipa, kisima kisicho na mfuniko, karo lililoachwa wazi, au shimo la kufyatulia matofali lililojaa maji ya masika. Kichwa chake ni kizito ukilinganisha na mwili wake. Akiinama kuchungulia ndoo akatumbukia, hana nguvu ya kujitoa, na kina cha sentimeta chache tu kinatosha kufunika pua na mdomo. Tena hapigi kelele. Mama yuko jikoni hatua nne kutoka hapo, na hasikii kitu.

Sasa linganisha njia mbili za kutumia fedha ile ile. Ya kwanza ni darasa la kichanga: mzazi anaingia bwawani na mtoto wa miezi 8, wanaimba, wanapiga maji kwa mikono, mtoto anazoea. Ni jambo zuri na mimi nalipenda, ila lisinunuliwe kama kinga. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, katika mwongozo wake wa 2019, kilisema wazi kwamba hakuna ushahidi kuwa masomo ya kuogelea kabla ya mwaka mmoja yanapunguza hatari ya kufa maji. Ya pili ni fundi wa kutengeneza mfuniko wa kisima wenye kufuli, vifuniko vya mapipa, na mlango mdogo wa mbao unaozuia mtoto asitoke uani. Kwa mtoto wa umri huo nachagua fundi, bila kusita.

Kuanzia mwaka 1 hadi 4 mambo yanabadilika kidogo. Utafiti mmoja wa Marekani uliotoka 2009 ulikuta kwamba watoto wa umri huo waliopata masomo rasmi walikuwa na hatari ya kufa maji iliyo pungufu kwa asilimia 88. Namba hiyo hupenda kuwekwa kwenye matangazo. Kinachoachwa ni kwamba watoto waliochunguzwa walikuwa wachache, kiasi kwamba watafiti wenyewe waliweka makadirio yao popote kati ya asilimia 3 na 99. Maana yake masomo huenda yanasaidia, na hayadhuru mtoto akifundishwa vizuri, lakini mtoto wa miaka 3 aliyehudhuria darasa bado ni mtoto wa miaka 3. Akiwa karibu na maji, mtu mzima awe umbali wa kumshika kwa mkono, na simu iwe mfukoni.

Bangladesh, nchi yenye madimbwi karibu kila ua, walikuja na suluhisho jingine kwa watoto wa mwaka 1 hadi 5: vituo vidogo vya kijiji ambako mama mmoja aliyefunzwa huwatunza watoto saa za asubuhi, wakati wazazi wako shambani na jikoni. Vifo vilipungua sana. Shirika la Afya Duniani sasa linapendekeza njia hiyo kwa watoto wadogo, na masomo ya kuogelea kwa wale waliofika umri wa shule, yaani miaka 6 na kuendelea. Kwa mama ntilie au mfanyabiashara wa sokoni, kulipia nafasi ya mtoto kwa jirani anayetunza watoto kunaweza kuwa kinga kubwa kuliko tiketi ya bwawa.

Na kama nyumbani kuna dada wa kazi, mshirikisheni. Ndiye anayekaa na mtoto saa nyingi zaidi, na mara nyingi ndiye anayemleta darasani. Mwambieni kwa upole na kwa uwazi ndoo zimwagwe zikishatumika, na mlango wa bafu ufungwe. Kama naye hajui kuogelea, asiachwe peke yake na watoto ufukweni. Hilo ni jukumu la mwenye nyumba.

Bwawa, bahari au ziwa

Kwa kuanzia, bwawa linashinda. Maji yametulia, kina kinajulikana, na mtoto anaweza kusimama maji yakiishia kifuani. Kabla hujalipa, simama ukingoni utazame chini. Kama huoni vizuri sakafu ya sehemu ya kina kirefu, usimwingize mtoto, kwa sababu mtu akizama humo hataonekana. Uliza mwokoaji ni nani na yuko wapi. Mhudumu wa vinywaji anayepita pita si mwokoaji. Na kama bwawa ni la ghorofa mnayokaa, uzio unatakiwa kuzunguka pande zote nne, urefu usiopungua mita 1.2, na geti linalojifunga lenyewe. Bwawa ambalo ukuta wa nyumba ndio upande wake wa nne, na mlango wa sebule unafungukia majini, bado halijazungushiwa uzio.

Kasoro ya bwawa ni kwamba linamfundisha mtoto maji yasiyo na tabia. Anajua kufika ukingoni kwa sababu ukingo upo. Akipelekwa Coco Beach anakutana na wimbi, mchanga unaokimbia chini ya miguu, na maji yanayomvuta. Chumvi inamsaidia kuelea kuliko maji ya bwawa, hilo ni kweli, na watoto wengi wanaohangaika kuelea bwawani hufanikiwa haraka baharini. Lakini bahari yetu hupanda na kushuka zaidi ya mita 3 wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mpya na mwezi mpevu. Palipokuwa magotini saa nne, saa nane si pale tena. Anayefundisha baharini achague siku za maji mafu, ambazo bahari haipandi wala kushuka sana, asubuhi kabla upepo haujachachamaa, mahali penye mchanga mtupu, mbali na mdomo wa mto au mlango wa mwamba. Kijana wa ufukweni aliyekulia hapo anayajua haya kuliko kocha yeyote wa hoteli, na hiyo ndiyo thamani yake. Anachokosa mara nyingi ni mpangilio, na mtu wa pili wa kuangalia wakati yeye ana mtoto mmoja mkononi. Ukimchagua yeye, mtoto awe mmoja au wawili tu kwa wakati, na wewe usiondoke.

Jambo moja la bahari lifundishwe hata kwa anayesomea bwawani: mkondo ukikuvuta kwenda kilindini usishindane nao. Lala chali uelee, inua mkono uite, na kama una nguvu ogelea kwa kufuata ufukwe, kuume au kushoto, mpaka mkondo ukuachie.

Ziwa Victoria ni habari nyingine. Chini kuna mawe, na kati ya jiwe na jiwe kina kinadondoka ghafla. Kwenye maji yaliyotulia yenye majani kuna konokono wanaobeba kichocho, na sehemu nyingine kuna mamba. Kwa hiyo familia za Mwanza, Bukoba au Musoma zinazoweza kulipia bwawa zifanye hivyo kwa hatua za mwanzo. Ila mtoto wa mvuvi au wa kisiwani ataingia ziwani hata iweje, na kumnyima ujuzi kwa hofu ya kichocho si busara: kichocho kina dawa. Kwake muhimu pia ni jaketi la kuokolea linalomtosha, kila anapopanda mtumbwi. Kuogelea hakuchukui nafasi ya jaketi. Shirika la EMEDO la Mwanza linafanya kazi ya kuzuia watu kufa maji katika ziwa hilo, na walimu wakuu wa shule za mwambao wangefanya vyema kuzungumza nao.

Faragha au kundi: hesabu ya dakika

Hapa ndipo wazazi wengi hupoteza fedha bila kujua. Darasa la kundi ni nafuu, la faragha ni ghali, hivyo ndivyo inavyoonekana kwenye karatasi ya bei. Lakini hebu tupige hesabu ya kilichonunuliwa.

Chukua darasa la dakika 45 lenye watoto 12 na mwalimu mmoja. Wale wasioweza kuelea wanashika ukingo, miguu inapiga maji, wakisubiri zamu. Kila mmoja anapata chini ya dakika 4 za mikono ya mwalimu. Dakika 41 zilizobaki ananing'inia. Na wakati mwalimu anamshika mtoto wa tano, mgongo wake umewaelekea wa nane, wa tisa na wa kumi. Darasa hilo hilo likiwa na watoto 4, kila mmoja anapata zaidi ya dakika 11, na mwalimu anawaona wote kwa jicho moja. Somo la faragha la nusu saa ni dakika 30 kamili. Gawanya bei kwa dakika hizo ndipo ulinganishe. Mara nyingi utakuta darasa la watoto 4 ndilo lenye faida kuliko yote, na la watoto 12 ndilo ghali kuliko yote.

Kwa mtoto mwenye hofu kubwa, au mwenye kifafa, pumu au ulemavu, nenda faragha kwanza na mwalimu ajulishwe mapema. Wengine wengi wanajifunza vizuri zaidi wakiwa wanne: mmoja akithubutu kuzamisha uso, wenzake watatu wanafuata.

Usiogope kumhoji mwalimu. Mazungumzo ninayoyasikia mara nyingi ni haya:

"Mwalimu, darasani mnakuwa watoto wangapi?"

"Wanane, mama. Wakiwa wengi sana kumi."

"Na walimu?"

"Mimi na msaidizi."

"Msaidizi naye anaingia majini?"

Swali la mwisho ndilo lenye uzito. Msaidizi aliyekaa kwenye kiti anaandika mahudhurio hahesabiwi. Uliza pia amefunzwa wapi kuokoa na kupulizia mtu pumzi, na lini alirudia mafunzo hayo. Mwalimu mzuri hachukizwi na maswali haya. Kuhusu malipo, uliza kama kiingilio cha hoteli kimo ndani, na kama mtu mzima anayemsindikiza mtoto naye analipa, maana hicho kiasi cha pembeni huweza kukaribia ada yenyewe.

Taratibu, au kumtupa ajifunze mwenyewe

Bado kuna wanaoamini njia ya kumtupa mtoto kwenye kina kirefu. "Sisi tulijifunza hivyo hivyo," wazee husema. Kwa heshima yote, hao ni waliobaki kusimulia. Mtoto aliyetupwa anavuta pumzi kwa mshtuko, anameza maji, na akitolewa amejifunza kwamba mtu mzima anayemwamini ndiye wa kumwogopa. Nimewapokea watoto wa namna hiyo. Wiki za kwanza ni za kurudisha imani tu, kuogelea hakujaanza.

Njia ya taratibu inaonekana ya polepole, nawe uliyekaa ukingoni unaweza kuona kama hakuna kinachofanyika. Tazama kwa karibu siku mtoto anapojifunza kulala chali. Mwalimu ameweka kiganja chini ya kisogo na kingine chini ya mgongo. Maji yakiingia masikioni mtoto anakakamaa, kidevu kinakimbilia kifuani, nyonga zinazama. Mwalimu hasemi "lala", anamwambia atazame paa la banda au wingu na ajaze tumbo pumzi. Kidevu kinapanda, tumbo linapanda nalo, miguu inafuata. Kiganja cha mgongoni kinaondoka kwanza. Cha kisogoni kinabaki muda mrefu, kisha vidole viwili, kisha kidole kimoja. Siku mtoto anapoelea bila kidole hicho, amepata kitu kinachoweza kumpa dakika za kusubiri msaada. Kwangu hilo linazidi kuogelea mita 10 kwa kasi uso ukiwa chini.

Kwa hiyo ukilinganisha programu, uliza mtoto akimaliza ataweza nini. Mpango wa SwimSafe uliotumika Bangladesh na kwingineko una kipimo kinachoeleweka: mtoto aogelee mita 25, aelee sekunde 30, na ajue kumwokoa mwenzake kwa kumnyooshea kitu bila kuingia majini. Mimi huongeza: aangukie majini kwa ghafla, aibuke, ageuke, arudi alipotokea na apande mwenyewe. Na mara moja afanye yote hayo akiwa na nguo za kawaida, maana hakuna anayeteleza mtoni akiwa amevaa nguo ya kuogelea.

Maboya ya mikononi na jaketi

Maboya ya kupuliza ya mikononi ni vitu vya kuchezea. Yanavuja, yanachomoka, na yanamzoesha mtoto kusimama wima majini, mkao ambao ukimvua maboya ndio unaomzamisha. Darasa linalomvalisha mtoto maboya mwezi mzima halimfundishi kuelea. Jaketi la kuokolea lina mikanda, linapimwa kwa uzito wa mtoto, na ukimshika mabegani ukavuta juu halipiti kidevuni. Hilo ni la mtumbwini na botini. Nguo za kuogelea zichaguliwe za rangi kali, chungwa au waridi linalong'aa. Bluu na nyeupe hupotea majini.

Mabinti

Kuna wazazi wanaowaacha mabinti nyuma kwa sababu ya stara, au kwa sababu walimu wote ni wanaume. Nungwi, kaskazini mwa Unguja, mradi wa Panje ulionyesha kwamba sababu hizo zina jibu: wasichana walifundishwa na wanawake, wakiwa wamevaa nguo za kuogelea zinazofunika mwili mzima. Mjini uliza kama bwawa lina saa za wanawake na watoto peke yao, na kama halina, mama wanne au watano mkikubaliana mnaweza kuomba. Mabwawa mengi asubuhi za katikati ya wiki ni matupu.

Kile ambacho nyumba nzima inapaswa kujua

Mtoto wa miaka 7 na zaidi, pamoja na watu wazima wote wa nyumba, wajue hili: ukiona mtu anazama, usimfuate majini kama hujafunzwa. Piga kelele, nyoosha mti au kanga iliyosokotwa, rusha dumu tupu lililofungwa kifuniko. Dumu la lita 5 linarushika mbali, la lita 20 linabeba mtu mzima. Lifungwe kamba, likae karibu na kisima au kwenye mtumbwi siku zote.

Mtoto akitolewa, msimning'inize kichwa chini wala kumkamua tumbo ili maji yatoke. Mnapoteza muda, na ubongo huanza kuharibika baada ya dakika nne hivi bila hewa. Mlazeni chali mahali pagumu. Kama hapumui, inua kidevu, ziba pua, mpulizie pumzi tano ukiona kifua kinapanda. Kisha bonyeza katikati ya kifua mara 30 kwa kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika, mpulizie mara 2, na uendelee hivyo. Mwingine apige 114, namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Hata akizinduka na kulia, apelekwe hospitali.

Ningechagua hivi

Mtoto wa miaka 2, Mbagala, maji yanahifadhiwa uani: mifuniko, kamlango, na mtu wa kumwangalia. Fedha ya darasa iwekwe akiba hadi afike miaka 4 au 5.

Mtoto wa miaka 4, ghorofa yenye bwawa: uzio kwanza, hata kama itabidi kwenda kwenye mkutano wa wapangaji na kusisitiza. Kisha darasa la watoto wanne, nusu saa, mara mbili kwa wiki. Mwezi wa sita na wa saba maji ya mabwawa huwa baridi, na mtoto akianza kutetemeka midomo somo limekwisha, hata kama zimebaki dakika kumi ulizolipia.

Watoto wa miaka 7 na 9, Unguja au Kigamboni, wanaocheza pwani: bwawa kwa hatua za mwanzo kama lipo, kisha bahari pamoja na mtu wa hapo hapo anayejua maji yakijaa na yakitoka. Kama bwawa halipo, bahari ya siku za maji mafu, kina cha kiunoni mwa mtoto, watu wazima wawili.

Mtoto wa miaka 8, Ilemela au Ukerewe: mshawishini mwalimu mkuu. Shule ikikubaliana na bwawa la hoteli kwa watoto wa darasa moja, gharama kwa kila mzazi inashuka sana. Jaketi linunuliwe mapema, kabla masomo hayajaanza, kwa kuwa safari za mtumbwi hazisubiri.

Na popote utakapochagua, omba somo moja la majaribio na usimame pale uyape macho yako kazi. Tazama mwalimu anahesabu watoto mara ngapi. Anayehesabu wakiingia, katikati ya somo, na wakitoka, huyo mwachie mtoto.